Kabla Jopo Halijabisha Hodi

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, kimojawapo cha vyuo vikuu vya umma vikongwe kabisa Marekani, kilifaulu mtihani wake wa kila miaka kumi. Wakaguzi walisoma makabrasha, wakafika, wakahoji watu, wakaondoka, na ithibati ya chuo ikathibitishwa upya. Miaka hiyohiyo, katika idara moja ya chuo hicho, kulikuwa na madarasa yasiyofundishwa na mtu. Mwanafunzi alijiandikisha, hakuhudhuria kipindi hata kimoja, akaandika karatasi moja mwishoni mwa muhula, kisha mtumishi wa ofisi ya idara akampa alama ya juu. Uchunguzi wa mwanasheria Kenneth Wainstein, uliotangazwa Oktoba 2014, ulionyesha kwamba mchezo huo ulianza mwaka 1993 na kuendelea hadi 2011, na kwamba wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitia humo, karibu nusu yao wanamichezo. Msomaji wa gazeti hili atachomwa na jambo moja zaidi: mojawapo ya madarasa hayo lilikuwa la Kiswahili. Mwanafunzi aliyetakiwa kumaliza ngazi ya tatu ya lugha yetu aliweza kuikamilisha kwa kuandika karatasi kwa Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili.

Wakaguzi wa 2006 walipitwaje na jambo kubwa kiasi hicho? Hawakuwa wazembe. Mkaguzi wa ithibati huona kile ambacho chuo kimemletea, na chuo hakiwezi kuleta kisichokijua, sembuse kisichotaka kukijua. Ndiyo maana maandalizi ya kuthibitishwa upya, ambayo vyuo vingi huyachukulia kuwa kazi ya kuandika ripoti nene, kwa hakika ni kazi ya chuo kujichunguza kabla ya wengine kukichunguza. Ripoti huja baadaye, na mara nyingi ndiyo sehemu rahisi.

Mfumo wenyewe una asili ya pekee. Marekani ithibati haitolewi na wizara. Hutolewa na mashirika ya hiari yaliyoundwa na vyuo vyenyewe, na lile la majimbo ya Kusini lilianzishwa Atlanta mwaka 1895, wakati tatizo kubwa lilikuwa kukubaliana nini hasa kiitwe chuo na nini kiitwe shule ya sekondari. Tume yake ya vyuo, inayofahamika kwa ufupisho SACSCOC, leo inasimamia karibu vyuo 800 katika majimbo 11, kuanzia Virginia hadi Texas, pamoja na vichache vya nje: Tecnológico de Monterrey cha Mexico kimo tangu 1950, na American University in Dubai nacho kimo. Uhiari huo ulibaki jina tu baada ya mwaka 1952, serikali ya shirikisho ilipoanza kutumia orodha za mashirika hayo kuamua chuo gani kipokee fedha za masomo za askari wastaafu. Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965 ikafunga fundo kabisa: bila ithibati, mwanafunzi hapati ruzuku wala mkopo wa serikali. Chuo kidogo ambacho wanafunzi wake wengi huishi kwa ruzuku hiyo kikinyang'anywa ithibati, muhula unaofuata madarasa huwa matupu.

Kalenda ya zoezi ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kiasi cha miaka miwili na nusu kabla ya uamuzi, viongozi wa chuo huitwa kwenye semina elekezi: rais wa chuo, msimamizi wa taaluma, msimamizi wa fedha, na yule ofisa anayeunganisha chuo na tume. Chuo chenye shahada za juu huwasilisha ripoti yake ya kutimiza vigezo mwezi Septemba. Jopo la kwanza huisoma likiwa mbali, halikanyagi chuoni, na kwa kawaida husoma za vyuo kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kasoro linazoziona hurudishwa kwa chuo, nacho huruhusiwa kuandika majibu. Kisha jopo la pili huja chuoni majira ya machipuko yanayofuata, na mwezi Desemba bodi ya tume yenye wajumbe 77 hukata shauri. Wakaguzi wote ni wafanyakazi wa vyuo vingine: mkuu wa kitivo kutoka jimbo jingine, mhasibu, mkutubi. Hawalipwi ujira kwa kazi hiyo, hurudishiwa gharama tu. Ni wenzako wa kazi hao, na mwenzako wa kazi anazijua hila zako kwa sababu naye anazo.

Vigezo vimepangwa katika sehemu 14, kuanzia uadilifu hadi uwazi, lakini uzito haulingani. Katika maandalizi viko vinavyopita vyenyewe: chuo kiwe na bodi yenye wajumbe wasiopungua watano, kiwe na rais asiyekuwa pia mwenyekiti wa bodi hiyo, kiwe na dira iliyochapishwa. Hivyo hujibiwa alasiri moja. Vinavyowakosesha watu usingizi ni vingine, na naanza na kile kinachoonekana cha kitoto kuliko vyote: orodha ya wahadhiri.

Fomu yake ina safu nne. Ya kwanza ni jina la mhadhiri na kama ni wa kudumu au wa muda. Ya pili ni kozi alizofundisha katika mihula miwili. Ya tatu ni shahada zake na masomo ya uzamili yanayohusiana na kozi hizo. Ya nne ni sifa nyingine. Kwa anayefundisha shahada ya kwanza, mwongozo unataka walau shahada ya uzamili katika fani anayofundisha, au uzamili wa fani nyingine pamoja na saa 18 za muhula za masomo ya uzamili katika fani hiyo. Kwenye karatasi ni jepesi. Sasa chukua chuo chenye wahadhiri 900. Yuko mwenye udaktari wa sosholojia anayefundisha takwimu kwa sababu miaka mingi iliyopita mwenzake aliugua na yeye akashika nafasi kwa muda, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Yuko mwanahabari aliyestaafu, hana uzamili wowote, lakini ndiye mwalimu bora wa uandishi wa habari aliyepo. Yuko aliyesoma ng'ambo na jina la shahada yake halifanani na kitu chochote hapa. Kila mmoja anahitaji utetezi wake katika safu ya nne, na utetezi wa "ana uzoefu mkubwa" haukubaliki. Inatakiwa kusemwa: kozi hii inafundisha mambo haya, na mtu huyu ameyafanya mahali fulani, miaka fulani, ushahidi huu hapa.

Hapo ndipo chuo hugundua kwamba nakala rasmi za matokeo ya wahadhiri wake hazimo katika mafaili. Ofisi ya rasilimali watu inadhani ziko kitivoni, kitivo kinadhani ziko kwa mkuu wa taaluma, na nusu ziko kwenye kabati la karani aliyehama. Anayeanza kuzitafuta miezi minne kabla ya tarehe ya mwisho atakesha, na bado atapeleka orodha yenye matundu. Aliyeweka utaratibu kwamba hakuna mkataba unaosainiwa kabla nakala haijafika, hana la kutafuta. Tofauti ya vyuo hivi viwili haiko kwenye ufundi wa kuandika ripoti. Imetokana na uamuzi mdogo wa kiofisi uliofanywa miaka mingi kabla.

Kigezo kinachofuata kwa ukorofi ni cha matokeo ya ujifunzaji. Kila programu ieleze mhitimu anatakiwa kuweza nini, ipime kama anaweza, kisha ionyeshe imebadilisha nini kutokana na vipimo hivyo. Sehemu mbili za kwanza kila idara inazo. Ya tatu ndiyo haipatikani. Nimesoma ripoti za idara ambazo kila mwaka asilimia 85 ya wanafunzi "wamefikia lengo", na mabadiliko yaliyofanywa ni "tutaendelea kufuatilia". Mkaguzi aliyewahi kuandika ripoti kama hizo kwao hazimdanganyi. Idara inayosema kwamba wanafunzi wake wa mwaka wa tatu walishindwa kusoma jedwali la takwimu, ikahamishia kozi ya takwimu mwaka wa pili, na bado matokeo hayakupanda vya kutosha, inaaminika zaidi kuliko ile yenye ushindi kila mwaka. Wakuu wa idara huona shida kulielewa hili. Wamezoea kwamba ripoti ni mahali pa kujisifu.

Pamoja na hayo, wahadhiri wasio na vyeti kamili na ripoti dhaifu za upimaji ni nadra kuua chuo. Huleta maswali, barua na kazi ya ziada. Kinachoua ni fedha. Morris Brown College cha Atlanta, kilichoanzishwa mwaka 1881 na kanisa la African Methodist Episcopal (AME) kwa ajili ya watu weusi, kilivuliwa ithibati mwishoni mwa 2002 kwa sababu ya madeni na usimamizi mbovu wa fedha, zikiwemo za misaada ya wanafunzi. Kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000, wakabaki makumi. Hakikufungwa rasmi, lakini kilikaa miaka karibu 20 majengo yakiharibika, hadi Aprili 2022 kilipopata ithibati kutoka shirika jingine. Bennett College cha Greensboro, cha wanawake weusi, nacho kilivuliwa Desemba 2018. Hakuna aliyelaumu ufundishaji wake. Kosa lilikuwa kushindwa kuonyesha uthabiti wa fedha baada ya kukaa chini ya uangalizi miaka miwili, muda ambao kanuni huruhusu kuongezwa kwa sababu maalumu tu. Chuo kiliomba umma kikusanyie dola milioni 5 kwa siku 60, na umma ukatoa zaidi ya milioni 8. Rufaa ikakataliwa hata hivyo. Mahakama ilikilinda kesi ikiendelea, na baadaye nacho kikahamia shirika jingine.

Wengi walikasirika, na hasira yao ninaielewa: chuo kilichoanzishwa 1873 kwa ajili ya watu waliotoka tu utumwani hakikuwahi kupewa nafasi ya kujiwekea akiba kama jirani zake. Lakini upande wa tume nao una hoja. Harambee ya siku 60 inathibitisha upendo wa watu, na kigezo kinauliza jambo jingine: mwakani, na mwaka wa tatu, mishahara italipwa na nini? Kwa anayejiandaa, maana yake ni kwamba msimamizi wa fedha awe mezani tangu siku ya kwanza. Katika vyuo vingi yeye huitwa mwishoni kuambatisha hesabu zilizokaguliwa. Hesabu hizo zikichelewa, au mkaguzi wa nje akiandika shaka juu ya uhai wa taasisi, hakuna sentensi nzuri itakayookoa sura hiyo, na ni bora kulijua hilo wakati bado kuna miaka miwili ya kubana matumizi.

Nirudi kwenye uadilifu, ambao kanuni za tume zimeuweka namba moja kabisa. Kashfa ya Chapel Hill ilipoanza kuvuja, tume iliuliza, chuo kikajibu, na jambo likaonekana kama limeisha. Ripoti ya Wainstein ilipotoka na kuonyesha ukubwa ambao majibu ya awali hayakuwa nao, tume ilirudi kwa sauti nyingine. Juni 2015 chuo hicho kikubwa, chenye fedha na jina, kiliwekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja, na uadilifu ukiwa miongoni mwa vigezo kilivyoonekana kuvivunja. Mficha maradhi kilio humfichua. Kilitoka katika uangalizi Juni 2016, baada ya kuonyesha mageuzi mengi, likiwemo moja lililowachekesha watu: maofisa kupita madarasani kwa kushtukiza, kuona kama kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba kinafundishwa kweli. Kichekesho cha pili kilikuja 2017. Mbele ya chama cha michezo ya vyuo, ambako kukiri udanganyifu wa kitaaluma kungeleta adhabu, chuo kilieleza kwamba maneno hayo, yaliyokuwa katika barua yake kwa tume ya ithibati, yalikuwa kosa la uchapaji. Chama hakikuadhibu. Lakini mtu yeyote anayeandaa ripoti ya ithibati aikumbuke habari hiyo: unachoandika kwa mkaguzi mmoja kitasomwa na mwingine.

Sehemu moja ya zoezi inatazama mbele, na ndiyo pekee ninayoweza kusema watu huipenda. Kila chuo hutakiwa kuchagua jambo moja katika ujifunzaji wa wanafunzi, kulipangia bajeti na vipimo, na kulitekeleza kwa miaka mitano baada ya kuthibitishwa. Georgia Tech mwaka 2015 kilichagua kuwaunganisha wanafunzi wake na jamii katika masuala ya mazingira na uendelevu, na kitengo kilichoundwa kwa ajili hiyo kikapata maisha yake. Vyuo vingi havina bahati hiyo. Mada huchaguliwa na kamati kwa sababu haimuudhi mtu, hupewa jina tamu, na baada ya mwaka wa pili aliyeiongoza huhamia kazi nyingine.

Hapa pana lawama ya haki dhidi ya mfumo mzima. Maandalizi hula muda wa watu wenye uwezo. Programu za kompyuta za kuhifadhi vielelezo hununuliwa, washauri hulipwa, na ripoti ya kurasa mamia huambatanishwa na maelfu ya mafaili ambayo msomaji wa mbali atafungua sehemu tu. Wanasiasa nao wana lawama zao. Tangu 2020 serikali ya shirikisho iliondoa mipaka ya kijiografia, kwa hiyo chuo cha Kusini kinaweza kwenda kwa shirika la kaskazini. Florida ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kulazimisha vyuo vyake vya umma kubadili shirika, na Juni 2025 mifumo sita ya vyuo vya umma, ikiwemo ya Florida, Georgia na Texas A&M, ilitangaza kuunda shirika jipya la ithibati. Wanaoliunga mkono husema litapunguza urasimu. Mimi naona hatari iliyo wazi: mkaguzi aliyeundwa na mwenye chuo ana sababu chache za kumkera mwenye chuo, na tume ya zamani, pamoja na uzito wake wote, iliweza kukiweka Chapel Hill chini ya uangalizi.

Kwetu mfupa wa zoezi ni uleule ingawa mwenye rungu ni dola. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ilichukua kazi hiyo mwaka 2005 kutoka kwa Baraza la Ithibati, na inapoona kasoro haina haja ya kungoja soko liamue: Julai 2017 ilizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Uganda, mwaka 2023, habari kwamba programu nyingi za vyuo, Makerere ikiwemo, muda wake wa ithibati ulikuwa umepita kwenye orodha za baraza la taifa la elimu ya juu, zilizua taharuki kwa wahitimu waliokuwa wakiomba masomo na kazi nje. Tarehe ilikuwa imepita wakati watu wakifundishana kama kawaida. Kasoro ilikuwa ya mafaili, na aliyelipia ni mhitimu. Nairobi, USIU-Africa hubeba mizigo miwili kwa pamoja: hati ya serikali ya Kenya ya mwaka 1999, chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na ithibati ya shirika la California, lenye vigezo vyake na majopo yake. Chuo cha namna hiyo hakiwezi kuunda kamati upya kila jopo linapotaka kuja. Kinahitaji ofisi ya kudumu yenye watu wachache, inayoripoti kwa makamu mkuu wa chuo moja kwa moja, na yenye ruhusa ya kumwambia mkuu wa kitivo kwamba faili lake halijakamilika.

Ofisi hiyo ndiyo ningeianza kwanza, hata kabla ya semina yoyote. Kazi yake ya mwaka wa kwanza isiwe kuandika. Ipitie vigezo vyote na kuweka alama nyekundu palipo na ukosefu wa ushahidi, ikabidhi orodha hiyo kwa baraza la chuo, na kila kikao kiulize nyekundu zimepungua ngapi. Uandishi uachiwe watu wawili au watatu, maana ripoti iliyoandikwa na mikono thelathini hujipinga yenyewe, na wakaguzi husoma wakitafuta hapo. Na baada ya barua ya Desemba watu hao wasirudishwe wote idarani kwao: mwaka wa tano tume hudai ripoti ya katikati, yenye sehemu ya vigezo vilevile na matokeo ya ule mradi wa kuinua ujifunzaji, na atakayeandika atahitaji kujua kwa nini yule mwanahabari asiye na uzamili alikubaliwa.